Kupata neti kwenye kompyuta ya Linux (mfumo mbadala wa Windows): modemu ya USB au simu, kipi afadhali?
Huku Mtwara hili naulizwa kila siku. Modemu nyingi ukizichomeka zinajifanya sidi yenye programu za Windows, ndo maana laini haionekani, yangu ilinikesha pale Shangani mpaka nilipoweka usb_modeswitch, programu ya kuitoa kwenye usidi iwe modemu, nikachomoa nikarudisha, lsusb (amri ya kuorodhesha vifaa vya USB) ikatoa namba nyingine na ModemManager, programu ya Linux ya kusimamia modemu, ikaiona. Sasa hiyo usb_modeswitch uipakue kwa neti gani? Hapo simu inashinda: chomeka waya, washa kushea intaneti kwa USB, dakika moja uko hewani bila kununua kitu. Ila inakula chaji ya laptopu, inachemka, na ukitoka nayo sokoni waliobaki home hawana neti. Modemu ikishakubali, inakaa palepale. Kompyuta ya duka, modemu. Mwanachuo wa kuhamahama, simu.