Korosho za stendi Mtwara na njiapanda ya Mingoyo: madoa yana maana tofauti

Kwa ladha, korosho hizi zinazobanguliwa kwa mkono zinastahili alama za juu. Ikiwa imekaangwa juzi, ina utamu ambao pakiti iliyokaa miezi dukani haiufikii. Kasoro yake ni kwamba haijapangwa madaraja, kwa hiyo kazi hiyo ni ya mnunuzi.

Wengi hukataa punje yoyote ya kahawia, na hapo hukosea. Kahawia hafifu iliyoenea sawasawa ni moto uliozidi kidogo wakati wa kuchoma. Kiwandani hushushwa daraja, lakini inalika vizuri kabisa. Doa jeusi la mahali pamoja, lililobonyea, mara nyingi ni la mdudu aliyeifyonza ikiwa changa mtini, hiyo itupe. Doa linalong'aa na kunata ni baya zaidi: ni mafuta ya ganda, yanawasha na kubabua midomo, tena huhamia punje za jirani. Pakiti yenye doa hilo usiichukue hata kwa nusu bei.

Nyeupe nayo hudanganya. Ivunje. Iliyokauka hukatika kwa mlio. Inayopinda ina unyevu, na korosho iliyobanguliwa haitakiwi kuzidi asilimia 5. Lakini usiihukumu upesi, kwani hata iliyokaangwa vizuri hulegea ikiachwa wazi kwenye hewa ya pwani. Inuse: yenye harufu ya kukaangwa irudishe kikaangoni, moto mdogo, dakika tano, ukigeuza, kisha iache ipoe ndipo uionje, maana ikiwa ya moto hubaki laini. Yenye harufu ya mafuta ya zamani haiponi.

Ukiuziwa kwa jina la daraja, hesabu. W320, daraja la punje nzima nyeupe, ni punje 300 hadi 320 kwa ratili (kama gramu 454), yaani kama 165 hadi 176 kwa robo kilo. W240, yenye punje kubwa zaidi, ni 121 hadi 132 kwa robo kilo. Ukilipia W240 ukahesabu 170, umepunjwa. Hesabu hiyo ni ya punje nzima tu. Kwa vipande haina maana.

Vipande vinadharauliwa bure. Kwa kashata au tui la korosho, nunua hivyo, ila vipepete kwanza: maganda ya ndani hujificha humo, na ukakasi wake huharibu sufuria nzima.