TAHADHARI: Anauza "Lincrusta ya kale", kumbe ni plastiki iliyopakwa chai

Mafundi wenzangu mlioko Uingereza, na yeyote mwenye nyumba ya enzi za Malkia Victoria anayetafuta Lincrusta, yaani zile karatasi nzito za ukutani zenye nakshi zilizoinuka: kuna mwanaharamu anauza rola za "Lincrusta halisi, haijawahi kubandikwa, imetoka stoo ya kiwanda cha zamani". Usimtumie hata senti. Mimi kanipiga pauni 640, na kanivua nguo mbele ya mteja.

Kazi yenyewe ni ya bibi mmoja wa Leicester, namtengenezea upya korido yenye Lincrusta ya zamani ukutani. Korido yote ilishapendeza, kimebaki kile kipande cha chini ya ngazi ambacho fundi bomba aliyepita alikibomoa kwa nyundo kana kwamba anavunja choo. Nakshi ya majani na makomamanga, kutoka sakafuni mpaka usawa wa kiuno. Bibi hataki kitu cha kufananisha. Anataka ileile.

Sasa kabla hamjaanza kunicheka, sikilizeni jinsi huyu mtu alivyoongea. Hakuwa yule tapeli wa "bei nzuri boss, mali safi". Alinipigia mwenyewe, tukakaa kwenye simu karibu saa nzima. Akanisimulia Frederick Walton, yuleyule aliyeleta linoleamu ya sakafuni, alivyotoa Lincrusta mwaka 1877. Akanieleza mchanganyiko: mafuta ya kitani yaliyoachwa yagande, unga wa mbao, utomvu na nta, halafu unapitishwa kwenye rola za chuma zilizochongwa nakshi. Akasema mwanzoni ilibandikwa kwenye turubai, ndiyo maana ilikuwa ngumu kukunjika, na ilipofika 1887 wakahamia kwenye karatasi. Akaongeza na Thomas Palmer, aliyekuwa mfanyakazi wa Walton mwenyewe, alivyoondoka akaanzisha Anaglypta kule Lancaster, karatasi ya ukutani ya rojo la pamba, nyepesi na ya bei ya chini, ikaingia nyumba ambazo Lincrusta ilikuwa haiwezi kuingia. Yote hayo ni kweli! Nilishayasoma. Mtu anakutajia mpaka jumba la Winchester kule San Jose, California, lenye Lincrusta vyumba kwa vyumba, wewe utamshuku kwa lipi?

Na alinitumia sampuli. Kipande cha ukubwa wa kiganja, kizito, kigumu, mgongo wake bapa kabisa. Anaglypta ukiigeuza unaona mashimo nyuma ya kila ua, Lincrusta imejaa. Nikakikwaruza kwa kisu pembeni, rangi ileile ya kahawia mpaka ndani. Ilikuwa Lincrusta ya kweli, naapa mpaka leo. Ndipo nikalipa.

Mzigo ukaja. Kuinua boksi, mgongo unauma. Kulifungua kidogo, harufu ya mafuta ya kitani imejaa garini. Juu kuna barua kwa mkono: usikunjue rola kabla ya siku ya kazi, ziache kwenye chumba chenye joto, Lincrusta ya kale ikikunjuliwa na baridi inapasuka. Na hapo ndipo mtu huyu alipo shetani, kwa sababu ushauri huo ni sahihi! Kitu cha mafuta ya kitani kilichozeeka kinakauka, kikipata baridi kinavunjika. Fundi yeyote anayejua kazi angetii. Mimi nilitii. Yeye anajua kwamba anayejua kazi atatii, na siku zinavyopita ndivyo naye anavyozidi kupotea.

Siku ya kubandika, bibi kaleta kiti chake koridoni, kavaa vizuri, kamwita na jirani yake aje aone. Mjukuu naye yupo. Nimeshabandika karatasi ya chini ukutani, gundi tayari. Nikakata kipande cha kwanza. Kisu kikapita laini sana. Nikasema labda joto la chumba. Nikakigeuza, nikachovya sponji kwenye maji ya moto kiasi, nikalowesha mgongo kama inavyotakiwa: unaacha dakika 20 mpaka 30 mgongo unywe maji na uvimbe kabla ya gundi, usipofanya hivyo utavimbia ukutani na kuacha mapovu.

Hata dakika tano hazikufika. Maji yakaanza kuchuruzika ya kahawia, juu ya vigae vya bibi. Nikasikia harufu ya majani ya chai. Chai! Karatasi ya nyuma ikaanza kuachana na sehemu ya mbele kama ngozi ya kuku wa kuchemsha. Nikabonyeza komamanga kwa kidole gumba, likabonyea, na halikurudi. Ile ni plastiki ya povu, ile ya madukani ya bei ya kutupa, kaipaka chai na mafuta ya kitani. Na uzito? Katikati ya kila rola kachomeka bomba la chuma. Mjukuu ndiye aliyelitoa, akauliza mbele ya wote, "Hili ni la nini?"

Jirani akacheka. Bibi hakucheka, aliniuliza tu kwa upole kama nina uhakika nimewahi kuifanya kazi hii. Mimi! Niliyemtengenezea korido nzima kwa mikono yangu, niliyeziba nyufa zake moja moja na kuchonga majani yaliyokatika!

Simu nikapiga, haipokelewi. Baadaye ikawa haipo kabisa. Benki nao wananiambia huu ni mgogoro wa mnunuzi na muuzaji, eti si utapeli. Tangu Oktoba 2024 wanatakiwa kumrudishia mtu aliyedanganywa akahamisha pesa mwenyewe, mpaka pauni 85,000, lakini wakishaiita mgogoro wa biashara wananawa mikono. Bomba la chuma ndani ya rola ni mgogoro gani wa biashara? Nimewapelekea picha ya bomba. Nawasubiri.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Kwenye simu aliniambia rola mbili "zina rangi yake ya asili, zipige msasa tu zikiwa kavu". Nyumba ina mtoto! Rangi za zamani hizo ndizo zenye madini ya risasi, hazipigwi msasa mkavu, vumbi lake ni sumu. Ingekuwa mali halisi ningekataa kwa sababu najua, lakini je, akimwambia hivyo mwenye nyumba asiyejua, anayejifanyia mwenyewe mwisho wa wiki? Mtu wa hivi anataka jela. Afungiwe selo iliyobandikwa plastiki yake mwenyewe kuta zote, aikwangue kwa kucha.

Dalili za kumtambua tapeli huyu, sijui niseme nini, nyingine nimeziona baada ya kupigwa. Jina la akaunti si jina alilojitambulisha nalo. Alisema ni la mke wake. Alinikataza kufuata mzigo mwenyewe. Nyuma ya rola kuna muhuri wa "1877" na mgongo ni karatasi, wakati yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia ya 1877 ilikuwa ya turubai! Omba video akikunjua rola yenyewe, si sampuli, na abonyeze kwa ukucha mbele ya kamera. Na ujiulize, rola zima zima ambazo hazijaguswa tangu wakati huo zinatoka wapi? Lincrusta mpya bado inatengenezwa hapahapa Uingereza, bei yake inauma lakini ni yenyewe.

Kwa bibi nimerudi. Nimechukua umbo la komamanga zima kwa mpira wa silikoni, namimina vipande kwa plasta, nabandika kimoja kimoja. Kazi ya punda, na sehemu hii simlipishi. Jirani anapita kila siku kuangalia.

Kama na wewe ulipata rola zenye bomba, usitupe boksi wala ile barua ya mkono. Nitumie picha ya mwandiko. Polisi nimeshaandikisha, na tukiwa wengi hawataweza kusema ni mgogoro wa biashara. Anajiita mtaalamu wa vitu vya kale, sauti ya mzee mpole, anapenda kukuita "rafiki yangu". Rafiki yake mama yake.