Mvunja Kiapo: Steling Akigeuka Adui, Kitabu Kinakusaidia au Kinakuacha Hewani?

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo sizunguki, hii kitu imenikaa kooni wiki mbili na lazima niitoe. Kitabu ndo hiki hapa, Dungeon Master's Guide, lile toleo la 2014, mwongozo wa anayeendesha Dungeons & Dragons (D&D), ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu. Kurasa 320, na sitawapitisha zote, mambo ya hazina na mitego na kutengeneza dunia mnayajua. Mimi nataka kurasa mbili tu, ya 96 na ya 97, maana hapo ndo wameweka nguvu za wahusika waovu. Kuna kasisi wa Kifo, huyo leo tumwache, na kuna huyu jamaa anaitwa Mvunja Kiapo.

Kwa ufupi kama we ni mgeni: paladini ni shujaa aliyekula kiapo, nguvu zake zinatoka kwenye hicho kiapo. Akikivunja kwa makusudi ili afuate tamaa yake au atumikie nguvu za giza, anageuka Mvunja Kiapo. Kitabu kinataka awe muovu, na awe amefika angalau levo ya 3. Muovu, jamani! Naona kwenye komenti watu wanauliza eti paladini wangu kamdanganya mlinzi wa geti, je ameshakuwa Mvunja Kiapo? Hapana, huyo kateleza tu. Tunayemzungumzia leo ni mtu aliyegeuka mzima mzima.

Mezani kwetu imetokea, na ndo maana niko hapa. Mwenzetu amecheza na paladini mmoja miaka miwili, mhusika mmoja huyo huyo, ndo alikuwa steling wa kampeni, yaani hadithi yetu nzima, sisi wengine tulikuwa tunamfuata yeye. Siku moja tumekamata mateka, ameshajisalimisha, silaha iko chini, anaomba maji. Paladini akamuua. DM (Dungeon Master, anayeendesha mchezo) akamuuliza mara mbili, una uhakika? Akajibu ndiyo, huyu ndo alichoma kijiji cha dada yangu. Meza nzima kimya. Nawaambia sijawahi kuona dadu zikikaa bila kuguswa muda mrefu vile.

DM akafungua ukurasa wa 97. Sasa twende kwenye kitu ninachotaka mkione, sogezeni macho hapa mezani.

Hiki kipande chekundu ndo paladini, levo ya 7, karisma (nguvu ya haiba yake) 18, yaani anaongeza 4. Hivi vyeupe vitatu ni mifupa inayotembea. Kwenye levo ya 7 Mvunja Kiapo anapata Aura ya Chuki, duara la nguvu linalomzunguka: yeye, na kila shetani na kila mfu aliyefufuliwa aliye ndani ya futi 10, wanaongeza hiyo 4 kwenye madhara ya silaha ya kupigia karibu. Mfupa mmoja na upanga wake mfupi ni dadu ya pande sita jumlisha 2, wastani tano na nusu. Weka aura, inakuwa tisa na nusu. Wote watatu wakipiga wakapata, kutoka 16 na nusu unaruka hadi 28 na nusu. Mifupa ile ile! Ukiwa ndo we unaiongoza, raha tupu. Na mmoja wao anaweza kumwongoza, ana nguvu ya kumtiisha mfu mmoja aliye ndani ya futi 30 akashindwa kujizuia, anamtii saa 24, labda awe na nguvu sawa na levo ya paladini au zaidi, hapo haingii.

Haya, sasa ngoja niigeuze. Mifupa sio yake, ni ya mchawi wa upande wa pili. Naisogeza hivi... inamzunguka. Someni sentensi ya kitabu tena, hakuna mahali imesema wafu *wako*. Imesema wafu wowote. Kwa hiyo mifupa ya adui nayo inakula ile 4! Anawapa nguvu watu wanaomchinja. Mara ya kwanza niliposoma nilikasirika kabisa, nikasema hii imeandikwa kwa haraka, hakuna mtu aliyeijaribu mezani.

Lakini ngojeni, nataka muone hiki kijani. Huyu ni mhusika wangu, rafiki yake. Paladini yeyote akifika levo ya 6 ana aura nyingine, ile ya ulinzi, marafiki walio ndani ya futi 10 wanaongezewa ile 4 ya karisma yake kwenye kujiokoa na uchawi na hatari nyingine. Mvunja Kiapo haipotezi, maana hiyo ni ya paladini wote. Umeona kinachotokea? Duara moja, futi 10 zile zile. Nikimkaribia ananilinda na uchawi wa yule mchawi, na hapo hapo mifupa inayonikata inakata zaidi kwa sababu yake. Nikikaa mbali niko peke yangu. Sasa hiyo wadau sio kosa, hiyo ndo hadithi yenyewe ya rafiki aliyeharibika, bado unampenda, bado anakukinga, na kukaa karibu naye kunakuumiza. Nimeizunguka hii meza usiku mzima nikisogeza vipande na nimebadilisha mawazo, naipenda hii kitu sana.

Kabla sijasahau, maikrofoni mpya imefika, mtaniambia kama sauti imekaa vizuri, na ambao hamjasabskraibu fanyeni hivyo maana kuna mfululizo mzima wa wahusika waovu unakuja.

Mtauliza za wengine je. Toleo la tatu la D&D, 2000, lilikuwa na Blackguard, shujaa wao wa giza, na sharti lake moja lilikuwa mhusika awe ameshakutana kwa amani na kiumbe muovu wa ulimwengu mwingine. Hilo sharti nalipenda, linakulazimisha ucheze tukio lenyewe. Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, wao mwaka 2010 walileta Antipaladin, levo 20 kamili, mzuri kwa mapigano, ila anaanza muovu tangu levo ya 1. Sasa ameanguka kutoka wapi? Hakuna steling pale, kuna adui tu.

Turudi 97, kuna kiboksi kidogo watu wanakiruka. Toba. Mvunja Kiapo anaweza kurudi: kwanza aache uovu na aonyeshe kwa maneno na matendo, halafu anapoteza nguvu zote za giza, anachagua mungu na kiapo, na hapewi nguvu mpya mpaka amalize jaribu la hatari analopangiwa na DM. Akivunja tena mara ya pili, hakuna toba nyingine. Mara moja tu! Mistari michache hiyo inazidi nguvu zote za pale.

Kinachoniudhi ni kwamba kurasa hizi hazigusi swali kubwa: mchezaji mwenyewe anafanyaje akiwa na mhusika ambaye wenzake hawawezi tena kusafiri naye? Sisi tulikaa bila dadu tukaongea, yule mwenzetu akaamua mwenyewe, akamkabidhi DM karatasi ya mhusika amchezeshe kama adui, yeye akatengeneza mhusika mpya. Hakunyang'anywa. Na kila wiki DM anamwandikia kumuuliza, unadhani paladini wako angefanya nini hapa? Ndo maana yule adui anatutisha, tunamjua.

Thamani sasa. Unanunua kurasa 320 kwa ajili ya mbili, na kitabu cha 2024 wamewaondoa hawa jamaa. Kwenye zile sheria za bure za mtandaoni paladini ana kiapo kimoja tu, na sio huyu. Kama kuna mtu mezani kwenu anaelekea huko, nunua la zamani, azima, changeni.

Jumamosi tunakutana na yule paladini darajani. Mhusika wangu bado ana mkufu ambao paladini aliuvua siku ile ya mateka, na mpango wangu ni kuingia ndani ya zile futi 10 nimrudishie mkononi. DM ameshasema akiupokea, toba inaanza. Nitarekodi yote.