MGB ya 1969, paa wazi, mvua ya Oktoba: uzoefu wangu

Ukisubiri jua ndipo ukodi gari la zamani la wazi Uingereza, utasubiri sana. Mimi nilichukua MGB ya 1969, gari dogo la michezo la Kiingereza, kwa wikiendi moja huko Cotswolds, eneo la vilima na vijiji vya mashambani, na mvua ilianza kabla sijamaliza kusaini karatasi. Niliendesha paa la turubai likiwa limekunjwa chini, na kesho ukinipa funguo narudia.

Wenye magari haya wanajua siri yake: ukiwa kwenye mwendo hulowi. Kioo cha mbele kinausukuma upepo upite juu ya vichwa vyenu, na mvua inapita nao. Kwenye A429, ile barabara ya Warumi inayonyooka kutoka Stow-on-the-Wold kwenda Moreton-in-Marsh, nilipofika kama kilomita 80 kwa saa matone yalikuwa yanaangukia kwenye buti la gari huko nyuma, sisi tumekaa wakavu, hita inachoma miguu. Balaa ni kusimama. Taa nyekundu moja tu, au trekta mbele yako, mnaoga. Pale Moreton mzee mmoja mwenye mwavuli alitukazia macho, mke wangu akampungia mkono kama malkia.

Na usidhani turubai litakuokoa. Lazima usimame, ushuke, unyanyue fremu, uvute kitambaa na kubana vifungo kimoja kimoja. Ukimaliza viti vimeshalowa. Halafu ndani vioo vinapata ukungu, na maji yanadondoka kwenye pembe ya dirisha, tone baada ya tone, juu ya goti la dereva. Bora paa wazi.

Injini ni ya cc 1798, nguvu farasi kama 95, haimtishi mtu. Ila tairi ni nyembamba, gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma, halina ABS (breki zinazozuia magurudumu yasijifunge) wala pawa stearingi. Ukikanyaga mafuta kwa pupa kwenye kona iliyolowa, mkia unacheza. Uzuri ni kwamba usukani unakuambia mapema, mikononi kabisa, hadi unajua lami imebadilika. Ukivuka dimbwi gusa breki kidogo zikauke.

Kampuni iliyonikodisha sitaitaja. Mpira wa waipa upande wa dereva ulikuwa umekakamaa, ukaniachia utepe wa maji usawa wa macho safari nzima. Kwa amana waliyonidai, huo ni uzembe. Gari lilipoanza kukohoa baada ya dimbwi, fundi wao aliniambia kwa simu nizime, nifungue kofia ya distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi za injini, na kuifuta kwa kitambaa kikavu. Likawaka mara moja.

Beba taulo, kofia inayobana na kitambaa kikavu, na kabla hujaondoka mwaga maji kwenye kioo ujaribu waipa. Nyota nne kati ya tano.