Siku moja St. Thomas na Mama: safari, Magens Bay na saa tatu zisizopatana

Pale gati la Havensight, ukishuka tu melini, unakutana na bwana ameshika ubao wa karatasi anaita abiria: "Safari! Safari! Magens Bay, safari!" Mama akanivuta mkono. "Huyu Mswahili?"

Hapana. St. Thomas, kisiwa kimojawapo cha Visiwa vya Virgin vya Marekani huko Karibi, safari ni jina la gari. Ni pikapu kubwa iliyokatwa nyuma, ikapangwa mabenchi yanayotazama mbele, paa juu, pembeni wazi. Mtu wa Unguja angesema ni gari ya mbao iliyopakwa rangi za sikukuu. Neno letu limefika huko kwa njia zake, wenyeji wanalitumia kila siku, na wewe uliyezaliwa nalo unalipa nauli kama wengine.

Tulikwenda Januari, watatu: mimi, dada yangu na Mama, aliyekuja kututembelea Ohio kutoka Tanga akakutana na baridi ambayo mpaka leo anaisimulia kama msiba. Dada akasema tumtoe kwenye theluji. Tukapata meli ya siku saba kutoka Florida. Vituo vingine nitavieleza siku nyingine. Hapa nataka kusema habari za St. Thomas, kwa sababu ndipo tulipokataa matembezi yanayouzwa melini na kujipeleka wenyewe. Kifurushi cha meli cha kwenda Magens Bay, ufukwe uleule tuliokwenda sisi, kilikuwa zaidi ya mara mbili ya hela tuliyokuja kutumia sisi, kwenda na kurudi na kiingilio ndani yake. Ila ujue unachonunua melini: ukichelewa na kundi la meli, meli inakusubiri. Ukichelewa peke yako, unaipungia mkono.

Kuhusu kuchagua ufukwe, nilisoma maoni ya watu mpaka kichwa kikauma, kila mmoja na ufukwe wake "bora". Mwishowe nikaacha kuangalia picha, nikaangalia magoti ya Mama. Coki, upande wa mashariki, ndiko kwenye samaki: unavaa miwani na mrija wa kupumulia, hatua chache tu kutoka mchangani unao miguuni. Lakini ni ufukwe mfupi, wauzaji ni wengi, na meli zikiwa tatu nne bandarini hakuna pa kutandika kanga. Sapphire ni pazuri, nilipita hapo safari ya zamani. Lindquist pametulia kuliko pote, kwa anayependa kimya. Tamaa yangu mimi ilikuwa Trunk Bay, kisiwa jirani cha St. John, ambako kuna njia ya kuogelea chini ya maji yenye vibao vya kukueleza matumbawe unayoyaona. Sasa hesabu: gari mpaka Red Hook, boti kama dakika 20 mpaka Cruz Bay, gari tena, kisha yote hayo kwa kurudi, na mama wa miaka sabini na mbili, na meli yenye saa yake. Nikaifuta.

Tukabaki na Magens Bay. Mchanga wake unakaribia urefu wa kilomita moja na nusu, umejikunja ndani ya ghuba, kwa hiyo mawimbi yanafika yamechoka. Kuna waokoaji, vyoo, mabomba ya kujimwagia maji, na vivuli vya miti mpaka karibu na maji. Getini unalipa dola chache. Eneo hilo lilitolewa mwaka 1946 na tajiri aliyeitwa Arthur Fairchild ili liwe la watu wote, na kwa kweli tulikuta familia za wenyeji na majiko yao ya mkaa.

Sasa niwaeleze dada yangu alivyoaibika, maana hili litawasaidia. Ameishi Marekani miaka kumi na tano, ana haraka za huko. Akamfuata yule bwana wa ubao: "Shilingi ngapi Magens?" (ndiyo, alitafsiri kichwani, akauliza kwa Kiingereza). Bwana akamtazama, akanyamaza, kisha akasema polepole: "Good morning." Dada akarudia swali. Bwana akarudia: "Good morning." Hapo Mama, ambaye Kiingereza chake ni cha kuhesabia, akasogea mbele, akasema "Good morning" kwa sauti ya shikamoo kabisa, na bwana yule akayeyuka. Akamtafutia benchi la mbele lenye ngazi fupi, akamshika kiwiko. Visiwa vile salamu inatangulia kila kitu: dukani, kwenye gari, hata ukiuliza choo. Mama hakuiacha. "Umefundishwa adabu na mtu baki," alimwambia dada, na alilirudia siku tatu mfululizo.

Bei ya teksi imepangwa na serikali, ni kwa kichwa, na inapungua kidogo mkiwa zaidi ya mmoja. Hakuna kupatana, na mimi naona ni raha. Tulilipa zaidi kidogo ya dola 10 kila mtu kwa kwenda. Gari haiondoki mpaka ijae. Mmarekani mmoja nyuma yetu alilalamika dakika ishirini nzima kuhusu hilo. Sisi tuliozoea stendi hata hatukutikisika.

Kuna safari za aina nyingine, wanazopanda wenyeji, za dola moja mbili hivi, zinazopita njia kuu kati ya mjini, Tutu na Red Hook. Kwa umbo ni zilezile, ndiyo maana wageni wanachanganya. Hizo zinasimama vituoni na unabonyeza kengele ukitaka kushuka. Magens haziendi. Uliza kabla hujakaa, na usisahau salamu.

Njia ya Magens inapanda mgongo wa kisiwa halafu inashuka upande wa kaskazini, kona juu ya kona. Visiwa hivi ndiyo sehemu pekee ya Marekani ambako magari yanapita kushoto kama kwetu, lakini magari yenyewe yanatoka bara, usukani uko kushoto pia. Kwa hiyo dereva anakaa upande wa mtaro. Mama aligundua kwenye kona ya tatu. "Huyu anaona wapi gari linalokuja?" Sikuwa na jibu. Nilimshika bega, nikatazama mbele.

Hapa ndipo penye lawama yangu. Kileleni dereva wetu alisimama mahali penye maduka bila kutuambia, akasema "dakika tano za picha". Zilikuwa ishirini na tano. Mandhari ni ya kuvutia, sikatai, Magens yote inaonekana chini kama bakuli la maji ya buluu. Lakini nilikuwa nimelipia ufukwe, si fulana. Ukipanda, uliza kama gari linakwenda moja kwa moja.

Tulipofika, Mama alivua viatu, akaingia maji mpaka magotini, akasimama. Kimya. Kisha: "Maji yanakupwa saa ngapi?" Nikamwambia hapa hayakupwi, tofauti ya kujaa na kukupwa ni kama shibiri tu. Hakuniamini. Mtu wa Tanga amekulia bahari inayoondoka asubuhi ikaacha boti zimelala ubavu, wanawake wakashuka kuokota chaza. Alichomeka kijiti mchangani penye ukingo wa maji, akakaa chini ya mti kukilinda. Ndege aina ya mwari wakawa wanajitupa kutoka juu, kichwa chini, paa! majini, wanaibuka na samaki. Baada ya saa mbili kijiti kilikuwa palepale. "Bahari ya wapi hii," alisema, na nadhani alisikitika kidogo.

Jambo la losheni ya jua: tangu Machi 2020 sheria ya huko inakataza zile zenye oksibenzoni na kemikali mbili za jamaa yake, kwa ajili ya matumbawe. Soma chupa yako kabla ya kufunga mizigo, zenye madini ya zinki zinaruhusiwa. Na ukirudi mjini vaa nguo. Kutembea na kivazi cha kuogelea madukani wenyeji hawakipendi hata kidogo. Mama na dera lake alikuwa amevaa sawasawa kuliko wote.

Kosa kubwa lilikuwa langu. Visiwa hivi viko saa moja mbele ya Florida wakati wa baridi, na meli yetu ilibaki na saa za Florida. Simu yangu ikajibadilisha yenyewe bila kuniuliza. Mwisho wa kupanda meli ulikuwa saa kumi jioni. Nikaangalia simu: saa tisa. Nikapiga kelele, tukakusanya kanga, chupa, viatu, Mama akiwa na mchanga mpaka kwenye masikio, tukarukia safari ya kwanza iliyokuwa inajaa. Tulipofika gatini, saa kubwa ya mlango wa meli ikasema saa nane na dakika arobaini. Nilimgeukia Mama. Yeye hajawahi kubadilisha saa yake ya mkononi tangu atoke Tanga, ilikuwa inasoma karibu saa tano usiku, na ndiye pekee kati yetu aliyekuwa na uhakika ni saa ngapi. Kwa hiyo andika mkononi kwa kalamu kama ni lazima: saa ya meli ndiyo saa.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata, nusu kwa yale maduka ya kileleni, nusu kwa simu yangu.

Ile saa moja iliyobaki tuliitumia ng'ambo ya barabara, kwa mama mmoja anayepika kwenye kibanda. Mama akatangulia na "Good afternoon" yake. Tukaletewa samaki wa mchuzi na bonge la njano lililoviringwa kama mpira, madoa ya kijani ndani. Wanaliita fungi, wanatamka "funji"; Angola nako wana funje yao. Mama akamega kwa mkono, akabonyeza shimo kwa dole gumba, akachota mchuzi. Mpishi akaacha mwiko akamtazama.

"Mwambie," Mama akaniambia mdomo umejaa, "ni ugali. Sema bamia ametia humohumo, amenipunguzia kazi."

Nikamwambia. Yule mpishi akacheka mpaka akashika meza, akaongeza bonge la pili bila malipo.