Michezo ya Mezani ya Kuvumbua kwa Pamoja: Upi Ununue Kwanza

Katika michezo ambayo wachezaji wanashirikiana kuvumbua nchi ngeni, The 7th Continent umepigiwa debe mno. Uliundwa na Wafaransa wawili, Ludovic Roudy na Bruno Sautter, na kampeni yake ya mwaka 2017 kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangia miradi, ilichangisha zaidi ya dola milioni 7. Pamoja na sifa zote hizo, kwa mnunuzi mgeni mimi nauweka wa tatu.

1. Forbidden Island (mbunifu Matt Leacock, 2010). Wachezaji 2 hadi 4 wanakimbizana na maji kuokoa hazina 4 kabla kisiwa hakijazama. Unaisha kwa nusu saa hivi, na mtoto wa miaka 10 anaumudu. Ila mjuzi mmoja asiachwe awaamulie wenzake kila zamu, utamu wote utapotea.

2. Sleeping Gods (mbunifu Ryan Laukat, 2021). Ni mwaka 1929, mnaongoza meli ya Manticore kwenye bahari isiyojulikana, kitabu cha ramani kikiwa wazi mezani na cha hadithi pembeni. Mkishindwa jambo mnaumia, lakini kwa kawaida safari inaendelea. Maandishi ni mengi, kwa hiyo apatikane msomaji mzuri wa Kiingereza.

3. The 7th Continent. Uvumbuzi wake ni wa kweli, hilo silipingi. Unaweka karata moja kando ya nyingine na ardhi inafunguka. Kwenye picha, labda ubavuni mwa mwamba, kuna namba ndogo iliyofichwa, na atakayeiona anachukua karata yenye namba hiyo. Hakuna mchezo mwingine uliowahi kunifanya niinamie picha kiasi hicho. Fungu la karata za vitendo ndilo uhai wenu. Kutembea, kuwinda, kupanda mlima, vyote vinalipunguza, na likiisha mnavuta kwenye zilizokwisha kutumika, ambako karata moja ya laana inawamaliza.

Na mkifa baada ya saa nyingi, mnaanza upya, mnakanyaga njia zilezile ambazo majibu yake mnayajua. Hilo linakera kweli. Uwindaji nao unachosha: unatumia karata kutafuta chakula ili urudishiwe karata. Mnaweza kuahirisha mchezo wakati wowote, lakini ardhi mliyoifunua inarudi sandukuni, na siku ya pili mnaifunua tena. Wakiwa wanne, wawili hukaa wakitazama.

Ununue kama unacheza peke yako au na mwenzio mmoja mwenye subira. Msomaji wa Lubumbashi au Bukavu aliyezoea Kifaransa ana nafuu, kwa sababu toleo la Kifaransa lipo. Ukiuziwa uliokwisha kutumika, zipitie karata namba kwa namba kabla ya kulipa. Ikikosekana moja tu, njia nzima inaweza kukatika.