Nililipia kutembea msituni baada ya kufiwa na mke: uzoefu wangu Mbeya

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kila nikitaja jambo hili. Elfu thelathini kwa Jumamosi moja, chai na viazi vya kuchemsha humo humo, nauli na kiingilio cha hifadhi juu yako. Kwa mstaafu anayesubiri pensheni kila mwezi, hiyo si hela ndogo. Awamu ya kwanza alilipa binti yangu bila kuniuliza, akaniambia tu, "Baba, Jumamosi usipange kitu." Angeniuliza ningekataa. Mimi ni mtu wa Rungwe, msitu nimeujua kwa kutumwa kuni, na kumlipa mtu anipeleke kutazama miti niliona ni ujanja wa mjini.

Huduma inaendeshwa na kikundi cha washauri nasaha hapa Mbeya. Wanachukua watu wachache kwa wakati mmoja: waliofiwa, waliostaafu, walioachika, walioachishwa kazi. Mnakutana Uyole asubuhi, mnapanda Coaster ya Tukuyu, mnashuka Isongole na kuingia njia ya Ziwa Ngosi. Wazo la msitu kuwa tiba walilitangaza Wajapani mwaka 1982, pale idara yao ya misitu ilipoanza kuwahimiza watu waende kukaa kati ya miti bila shughuli yoyote. Dada anayetuongoza, mwanasaikolojia kwa taaluma, alitueleza hilo mara moja tukiwa njiani, akaongeza kwamba tafiti zipo lakini nyingi ni ndogo na za muda mfupi, kisha akanyamaza. Nilishukuru. Nilidhani tutahubiriwa.

Sisi huku msiba tunaujua. Alipofariki mke wangu nyumba haikuwa na pa kukanyaga: wanaume nje kwenye moto, akina mama ndani, turubai, masufuria ya kuazima, daftari la rambirambi. Tukamzika nyuma ya migomba, matanga yakaanuliwa, watu wakarudi mashambani kwao, na hiyo ni haki yao. Shida yangu ilianzia hapo. Baada ya muda ukimtaja marehemu kijiweni, watu wanatazama chini, mmoja anasema "jikaze mzee", na mazungumzo yanahamia kwenye bei ya mbolea. Nikipima sasa, nilichokilipia ni hicho: mahali pa kulitaja jina lake bila mtu kubadilisha mada.

Msitu wenyewe ni ule ule. Njia inapanda, mwishoni inakuwa kali mpaka unashika mizizi, na magoti yangu yaliyotembea juu ya mataruma ya reli miaka yote ya kazi yalilalamika. Zoezi kubwa ni kukaa. Kila mtu anapewa mahali pake, mbali kidogo na mwenzake lakini mnaonana, simu imezimwa, nusu saa. Huambiwi ufikirie nini. Siku ya kwanza nilisinzia.

Siku nyingine mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nilikaa karibu na mgomba pori, ile mikubwa isiyo na ndizi za kula. Nje mvua ilishakatika, lakini ndani ya msitu ilikuwa bado inanyesha: tone linatoka jani la juu, linadondokea la chini yake, jani linajaa, linainama, linamwaga, linainuka tena. Nililitazama jani hilo moja mpaka filimbi ikapulizwa. Ndipo nilipojua kwamba kola ya shati ilikuwa imelowa, na si kwa mvua. Hakuna aliyekuja kunishika bega wala kuniambia pole. Kwa hilo nawapa alama zote.

Baada ya kukaa mnakunywa chai, na kila mmoja anasema neno moja, au anasema "napita". Mama mmoja aliyezika mtoto alipita kila mara na hakuna aliyemsukuma. Mzee mwenzangu alikuwa amesikia kwamba majonzi yana hatua tano, akawa na hofu kuwa amekwama ya pili. Dada akamweleza kwamba hatua hizo daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross alizitoa mwaka 1969 kwa wagonjwa waliokuwa wanakabili kifo chao wenyewe, na wala si ngazi kwamba lazima uikanyage moja ndipo uifikie nyingine. Akatueleza mtazamo mwingine, wa watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut wa mwaka 1999: mfiwa huenda na kurudi, leo yuko kwenye uchungu, kesho anahangaika na ada na bati linalovuja, na huko kwenda na kurudi ndiko kunakomvusha. Hili lilinisaidia kuliko miti. Nilikuwa naona aibu kwamba Ijumaa nimelia na Jumamosi nimeshangilia bao la Yanga.

Yasiyonipendeza yapo. Kuna zoezi la kuandika kwenye jiwe kitu "unachokiachilia", kisha unalitupa kijitoni. Nikauliza, mke wangu namwachilia aende wapi? Sikutupa. Waliniacha nikae pembeni, lakini zoezi lile limechukuliwa lilivyo kutoka mahali ambako watu huenda hawana desturi zao za kuaga; sisi tunazo, wangetuuliza. Tena sioni sababu ya kijana aliyeachwa na mchumba kukaa duara moja na mama aliyezika. Simdharau, maumivu yake ni yake, ila mara mbili tatu alichukua muda wote wa chai.

Kupanda mti nilikubali, kwa sharti. Waliniletea mche wa mti wa asili, mzuri kabisa, nikaomba parachichi la kubebesha. Marehemu alikuwa mtu wa shamba. Ningemwekea mti usioingia sokoni angenifuata usingizini.

Neno zito ninalo kuhusu Kitulo, hifadhi ya maua huko milimani, safari ya kufungia, inayolipiwa pembeni. Maua ya kule yanachanua wakati wa mvua, Desemba mpaka Aprili, kwa hiyo ukitaka maua umelitaka na tope. Waandaaji wanajua, na bado walikodi gari lenye matairi yaliyolika. Kona hamsini na saba za kutoka Chimala kwenda Matamba tulizipanda kila mtu na sala zake, na huko juu tukazama. Tukashuka kusukuma, wastaafu kwa wajane, kwenye baridi ya mita 2,600. Hifadhi yenyewe, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu na imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, inapendeza mno: nyasi mpaka upeo wa macho, na okidi za aina zaidi ya arobaini, zikiwemo zile ambazo viazi vyake huchimbwa na kuvushwa Zambia kwa ajili ya chikanda, chakula cha huko kinachopikwa kwa viazi hivyo. Lakini hapana pa kujificha, upepo unapiga, kila mtu anapiga picha. Kwangu ulikuwa utalii.

Nani aende? Siyo aliyetoka makaburini jana. Huyo bado ana watu. Na siyo anayewaza kujidhuru, au ambaye miezi sita imepita, nusu mwaka mzima, na bado hawezi hata kula na kuoga. Shirika la Afya Duniani linaitambua hali hiyo ya majonzi yasiyoisha kuwa ugonjwa, katika orodha yake inayotumika tangu 2022, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina kitengo cha afya ya akili. Mshiriki mmoja wa kundi letu dada alimwita kando, wakaongea, na wiki iliyofuata akampeleka huko mwenyewe. Ukikuta kikundi ambacho kiongozi wake hawezi kukuambia amesomea nini, au anakuahidi utapona kwa wiki kadhaa, okoa hela yako.

Vaa buti za mpira, raba zitaharibika siku ya kwanza. Beba sweta hata kama Uyole kuna jua. Nimejiandikisha tena kundi la Juni, safari hii kwa hela yangu. Kitulo siendi.